Baragumu la Eliufoo

Eliufoo alirithi kwa baba yake kazi ya kupiga baragumu la ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba lililo mlimani, juu ya kijiji cha Maore. Zamani akipuliza, watu walipanda na majembe kwenda kwenye msaragambo, kazi yao ya pamoja. Siku hizi biashara ilikuwa huria na kila mtu alikuwa na lake gulioni. Akipuliza, milango inafungwa. Hata Victoria, binti yake muuza mitumba aliyeishi bondeni kando ya mfereji, alijifungia ndani na kusingizia ugonjwa. Hilo lilimchosha mzee kuliko jembe lenyewe.

Mwaka wa mvua za El Nino, ukuta wa ndiva ukaanza kuvuja. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, akawaambia wakisikia baragumu wakimbilie kanisani, kwenye mwinuko. Wote wakaitikia, wakarudi kwenye shughuli zao.

Asubuhi moja ukuta ulipotuna, Eliufoo alipuliza mpaka midomo ikamuuma. Wazee wachache waaminifu wakaja mbio na majembe, tena wakilifuata bwawa lenyewe. Aliwafukuza kwa matusi. Kule bondeni milango ikafungwa, na wa Victoria ulikuwa wa kwanza.

Akaliweka baragumu kwapani, akateremka na magoti yake mabovu mpaka mlangoni kwa bintiye.

"Shikamoo, baba," Victoria alisema kutoka ndani. "Msaragambo leo siendi. Naumwa."

"Mbebe mtoto utoke. Ndiva inabomoka."

Victoria akasogea karibu na mlango.

"Kweli, baba, au unatafuta njia ya kunitoa?"

Hapo mzee akashindwa, akalia. Victoria hakuwahi kumsikia baba yake akilia, akafungua.

Majirani walipomwona anakimbia na mtoto, nao wakakimbia. Mchana maji yalishuka, yakachukua nyumba ya Victoria na marobota yote ya mitumba. Hakufa mtu.

Mvua zilipokwisha, Eliufoo alipuliza kuwaita wakajenge ukuta upya. Akakaa kwenye tope na jembe lake, akasubiri. Hakuja mtu. Alichungulia bondeni kwa hasira, na ndipo alipowaona: kijiji kizima kinapanda kanisani na magodoro kichwani, Victoria yuko mbele, mtoto mgongoni.

Ilibidi ateremke tena kuwaeleza, na alikuwa amechoka sana. Lakini hakuondoka upesi. Alilaza jembe chini, akamtazama binti yake mpaka alipoingia kanisani.