Sauti ya Dada na Betri Zilizochoka

Siku hizi vijana wanaoimba hapa Mpanda hawasubiri mtu. Anakaa mmoja kwenye kizingiti cha nyumba yao, anamtumia mwenzake wa Mwanza biti kwa simu, mwenzake anaweka sauti, mwingine wa Bujumbura ambaye hawajawahi kuonana anaongeza gitaa, na kabla chai haijapoa wimbo umeshaingia mtandaoni. Nikiwatazama naona wivu, sifichi. Halafu nakumbuka kwamba na mimi niliwahi kutengeneza wimbo na mtu nisiyemjua sura, katikati ya miaka ya tisini, na mtandao wetu ulikuwa treni ya Tabora.

Nilikuwa na gitaa la nyuzi tano. Ya sita ilikatika, na kwetu nyuzi za gitaa hazikuuzwa. Nilikuwa pia na redio kaseti ya spika mbili, jasho la misimu miwili ya kuvuna mpunga wa watu kule Usevya. Redio ile ilikuwa na kitufe chekundu cha kurekodi. Wenzangu wenye redio walikitumia kunasa nyimbo zilizopigwa redioni, mimi nikaona humo mna riziki. Wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe zao walikuwa wameacha ndugu wengi Shinyanga, na wengi wao hawakupenda kuandikiwa barua, maana anayekuandikia barua anajua siri zako zote. Basi mimi nikawarekodia salamu kwenye kanda. Mtu anakaa kwenye kigoda, namsogezea redio, nabonyeza, halafu natoka nje kabisa ili aseme yake kwa raha. Si kwamba kutoka nje kulisaidia sana, kwa sababu karibu wote walipiga kelele kana kwamba Shinyanga wangesikia moja kwa moja.

Mwanzo na mwisho wa kila kanda niliweka gitaa langu, bila kuombwa. Ndivyo nilivyojitangaza. Kanda moja ya salamu ilipitia Tabora, ikachezwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa mpiga kinanda, na baada ya hapo nikaletewa barua na abiria wa treni. Yule bwana aliandika kwamba gitaa langu limempendeza, kwamba yeye ana kinanda kidogo cha umeme ambacho ngoma, besi na tarumbeta zote zimo ndani yake, na kwamba kinanda hicho ni cha dijitali. Neno hilo nililiona kwa mara ya kwanza katika barua ile. Nililisoma kwa sauti mara kadhaa bila kujua maana yake, na kila nilipolisoma nilijisikia mtu mkubwa. Alitaka nimpelekee wimbo wenye gitaa na sauti ya kuimba, yeye acheze kanda yangu kwenye redio moja huku akipiga kinanda chake, na redio ya pili irekodi vyote kwa pamoja. Kisha kila mmoja azidurufu kanda na kuziuza kwake.

Gitaa nilikuwa nalo, lakini sauti yangu mwenyewe ni ya kukwaruza. Mwimbaji alikuwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa na meza yake stesheni, akikaanga samaki, migebuka iliyoletwa kutoka ziwani, na siku za treni meza ile ilizungukwa na watu. Sauti yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Mtu akibisha hodi, dada akiitikia kutoka ndani, mgeni husema "Shikamoo, baba." Kwenye kwaya walimpanga mstari wa nyuma pamoja na wanaume, aimbe besi. Alicheka watu walipomtania, tena alicheka kabla yao, lakini mimi niliyelala chumba kimoja naye utotoni nilijua kilichokuwa kinamuuma. Siku moja aliniambia, huku akiparua magamba ya samaki, "Mdogo wangu, na mimi nataka niimbe mbele. Mara moja tu. Watu wasikie, waseme huyu ni mwanamke anaimba."

Na wimbo alikuwa nao, alioutunga mwenyewe. Mumewe alikwenda Ugalla kurina asali msimu mmoja, akanogewa huko huko, akaoa huko huko. Kwa muda alikuwa akimpelekea dada madumu ya asali, yeye mwenyewe haji. Dada akamwimbia: madumu yamefika, aliyeyajaza yuko wapi. Haukuwa wimbo wa kulialia. Aliuimba taratibu, kwa sauti ile ya chini, kama mtu anayemuuliza mwenzake swali huku akimwangalia usoni.

Tuliurekodi siku moja kabla ya treni kuondoka. Ilikuwa masika, barabara zimeshakatika, na ukiikosa treni hiyo unasubiri. Asubuhi ile betri zangu mpya zilimalizwa na mzee mmoja aliyewatajia nduguze ng'ombe wote waliozaa, mmoja mmoja, rangi na pembe. Zilizobaki zilikuwa betri za zamani nilizozianika juu ya bati. Wa rika langu wanakumbuka: betri ikichoka unaianika juani, unaigongagonga, unaipa siku mbili za kupumzika, inaamka kidogo. Nikaziweka. Dada alifunga mlango, akavua kilemba, akaimba beti tatu. Beti ya nne redio ikakata, betri zimeisha kabisa. Nikazigonga, zikaamka kwa muda mfupi, tukasikiliza kipande. Ilikuwa sauti yake yenyewe, haikupungua kitu. Dada akatabasamu, akasema, "Beti tatu zinatosha." Kesho yake nikamkabidhi abiria kanda.

Kosa letu lilikuwa hilo, na hatukulijua. Betri zikichoka, kanda huzunguka polepole. Ukirekodi polepole ukasikiliza polepole, mambo yako sawa. Lakini ukiipeleka kanda hiyo kwa mtu mwenye umeme wa ukutani, kila kitu kinakimbia, na sauti inapanda juu.

Kanda ilirudi baada ya wiki mbili, nikaweka betri mpya, nikamwita dada. Kwanza ziliingia ngoma. Jamani, ngoma zile! Zilipiga bila kuchoka wala kukosea, sijawahi kusikia kitu kama hicho nyumbani kwetu. Kinanda kikaingia, gitaa langu likalia kwa wembamba na haraka. Kisha akaimba mtoto. Mtoto wa kike wa miaka saba hivi, sauti nyembamba, anamuuliza mumewe kwa nini ameleta madumu na yeye mwenyewe haji.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu nani?" akauliza. Nikaisoma barua iliyokuja pamoja na kanda. Mpiga kinanda alikuwa ameandika: "Ndugu yangu, huyo mtoto umemtoa wapi? Ni hatari." Dada akainuka, akaenda kupepeta mchele.

Ningeifuta ile kanda siku ile ile, hadithi ingeishia hapo. Lakini niliipiga stesheni, kwa majaribio tu, na watu wakaacha mizigo yao wakaja. Mtoto anayeimba mambo ya ndoa! Walicheka, wakacheza, wakataka kanda. Nikaazima redio ya pili, nikadurufu kutwa nzima. Zilikwenda Sitalike kwa wafanyakazi wa hifadhi, zikaenda Usevya kwenye mpunga, wavuvi wakazipeleka ziwani. Nikajiona nimeshatoka. Na kila mtu aliuliza swali moja.

"Huyu mtoto ni wa nani?" mama mmoja aliniuliza stesheni, kanda mkononi. Meza ya dada ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa.

"Mtoto wa ndugu yetu," nikamjibu. "Yuko huko Ugalla."

Nilijua dada amesikia. Aligeuza samaki kwenye mafuta, akageuza na wa pili. Nilijiambia kwamba watu wakijua ni mama mzima mwenye sauti nzito hawatanunua tena, na mpiga kinanda atanitupa. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba niliona haya, na hadi leo naona haya kwa kuona haya kule.

Kibaya zaidi kilifuata. Mpiga kinanda alitaka wimbo wa pili wa "mtoto". Nikamwendea dada kwa maneno matamu, akakubali, akatunga. Siku ya kurekodi akaniona nachambua betri kwenye kopo, naacha nzima, nachagua zilizochoka, maana tulishang'amua kwamba ndizo zilizomgeuza mtoto.

"Hizo mpya unamwekea nani?" akauliza.

Nikaendelea kuchambua.

"Ukiweka hizo mbovu, mimi siimbi," alisema. "Mwambie huyo mtoto wako wa Ugalla aje aimbe."

Tulikaa karibu mwezi mzima bila mazungumzo zaidi ya "karibu chakula" na "ahsante".

Halafu ikaja siku ambayo treni ilichelewa. Kuchelewa kulikuwa kawaida, ila siku ile ilipita kiasi. Abiria walikaa juu ya magunia ya mahindi tangu asubuhi, jua likapanda, watoto wakalia wakalala. Mimi nilikuwa na redio yangu juu ya sanduku la kanda, na kila wimbo ulipoisha watu walisema, "Rudishia, rudishia." Nikarudishia mpaka nilipopoteza hesabu. Mchana ukiwa umeshageuka, nikasikia ngoma zinavuta miguu. Betri zilikuwa zinakwenda.

Nilikuwa na mpya kwenye begi. Nikainama kuzichukua.

"Ziache," dada alisema.

Hakuwa amenitazama. Alikuwa ameshika kijiko cha matundu, macho kwenye karai. Nikabaki nimeinama, mkono ndani ya begi. Abiria mmoja akapiga kelele, "Wewe, badilisha betri! Nyie wa Mpanda mnatuharibia wimbo!" Wenzake wakacheka. Nikautoa mkono, mtupu.

Kinanda kikaanza kuzama. Mtoto akaimba beti ya kwanza, na kwenye beti ya pili hakuwa mtoto tena, alikuwa msichana. Watu walidhani ni mchezo, wakawa wanamwigiza. Sauti ikashuka tena. Ilipofika beti ya tatu nilisimama wima, kwa sababu dada alikuwa ameingia ndani ya redio yangu. Ilikuwa sauti yake, nzito, taratibu, kama tulivyoirekodi tumefunga mlango. Na dada wa mezani, bila kuinua kichwa, akaanza kuimba naye.

Sijui nieleze vipi. Sauti mbili, moja ya betri na moja ya mtu, hazikutofautiana hata kidogo. Waliokuwa wakiigiza walinyamaza. Wenye kukaa juu ya magunia waligeuka kutazama meza ya samaki. Yule mama aliyewahi kuniuliza mtoto ni wa nani alikuwepo, anasafiri. Akamtazama dada, akanitazama mimi. "Si ulisema mtoto yuko Ugalla?"

"Hakuna mtoto," nikasema. "Ni dada yangu huyu. Tangu mwanzo ni yeye."

Dada akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Betri zimekutangulia," alisema, akarudi kwenye wimbo.

Redio iliendelea kushuka, ikapita chini yake, ikanguruma, ikanyamaza. Dada hakunyamaza. Aliimba beti ya nne, ile iliyokatika siku ya kurekodi, ambayo hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia isipokuwa mimi: asali kula wewe, nta niletee mimi, nizibe kibuyu changu kilichopasuka. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyekuwa ameshika kanda ya mtoto aliirudisha kwenye sanduku, akasema atangoja nyingine.

Tukaurekodi upya wiki ile, kwa betri zilizotoka dukani siku hiyo hiyo, beti zote nne. Sikumwandikia mpiga kinanda maelezo yoyote. Niliogopa, nikampelekea kanda tu.

Majibu yalipofika dada alikuwa anakaanga. Nilifungua barua pale pale mezani, nikamsomea. Yule bwana alisema huu wa sasa ameuwekea kinanda peke yake, ngoma ameziacha, kwa sababu hakutaka kitu chochote kimfunike mwimbaji. Na chini kabisa aliuliza: "Ndugu yangu, na huyu mama umemtoa wapi?"

Dada aliepua karai mafuta yakiwa bado yanachemka. Akapangusa mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja, akaja kusimama nyuma ya bega langu ingawa kusoma hakujua.

"Nisomee tena," alisema, "hapo aliposema mama."