Kimlango cha Maziwa

Nyumba yetu hapa mtaa wa Frogtown, huku ughaibuni, ni ya zamani. Ubavuni, karibu na mlango wa jikoni, ukuta una kimlango cha mbao, na ndani kuna kingine. Katikati ni kama sanduku. Zamani muuza maziwa aliacha chupa humo, wenye nyumba wakazichukua kwa ndani bila kutoka kwenye baridi. Mimi niliweka sombe, majani yetu ya muhogo, ndani ya pakiti. Theluji ikianguka, iliganda kushinda ya kwenye friji.

Mwanangu hakukipenda. "Mama, upepo unaingia. Jumamosi nakipigilia misumari."

"Na sombe yangu?"

"Ile ni mboga, Mama, si mpangaji."

Kabla Jumamosi haijafika, dada mmoja wa kanisani alikuja kunisalimu. Alipoaga nilimsindikiza. Kwetu mgeni humwachi mlangoni kama mleta barua. Nikatoka na kandambili na sweta, nikasimama mpaka gari lake likapinda kona. Kugeuka, mlango wa jikoni umejifunga. Simu iko mezani. Ndani yumo mjukuu wangu, hata miaka minne hajatimiza, na maharagi yanachemka motoni.

Niligonga kwa jirani, kimya. Nikarudi, nikasikia kiti kikiburutwa jikoni. Mtoto huyo huburuta kiti akitaka kuchungulia chunguni.

Nikafungua kimlango cha nje, nikatoa sombe. Cha ndani nilikuwa nimekifunga mwenyewe kwa komeo, kuzuia upepo. Nikakipiga kwa ile pakiti ya sombe, ngumu kama jiwe, mpaka komeo likang'oka. Nikaingiza mkono. Ukakwama kwenye kiwiko. Nikavua sweta palepale kwenye theluji, nikaingiza tena hadi begani. Kitasa cha mlango wa jikoni, upande wa ndani, nilikigusa kwa ncha za vidole tu.

Nikamwita kwa jina lake lote, ambalo ni la mama yangu. "Shuka kwenye kiti. Njoo umpe Koko mkono." Koko ndiye mimi, bibi yake.

Nikasikia miguu yake sakafuni. Vidole vyenye joto vikashika vyangu.

"Koko uko kwa ukuta?"

"Niko. Sasa achia, nifungue."

Hakuachia. Ilibidi nijinyooshe tena, nizungushe kitasa na mkono wake ukiwa juu ya wangu, mpaka mlango ukafunguka.

Jumamosi mwanangu akaja na misumari. "Na mwizi naye ana mkono, Mama."

"Mwizi wa huku amekula vizuri, hautapita. Wewe tengeneza komeo."

Akatengeneza. Wageni bado nawasindikiza. Ila kabla sijatoka, naweka pakiti ya sombe kizingitini, mlango usijifunge.