Yinsuo na Kuku wa Kisasa

Duan Yinsuo anapika tambi hapa mjini Taigu. Ana miaka arobaini na tatu na kilo mia kasoro kidogo. Miaka sita anafanya mazoezi ya ngumi na sisi uani kwa mwalimu wetu, Mzee Mu, lakini mwanafunzi rasmi, wa kupiga magoti na kumpa mwalimu chai, hajawa. Sasa Mzee akatangaza: Sikukuu ya Mwezi anapokea mmoja wa mwisho, basi, anafunga mlango.

Ngumi zetu zinaiga wanyama kumi na wawili, na mwalimu ndiye anakuchagulia wako. Yinsuo alitaka simbamarara.

"Kuku," Mzee akasema.

"Kuku? Mwalimu, na mwili wote huu?"

"Ndiyo maana. Miguu yako imelala kama magunia. Kamwangalie kuku."

Akanunua kuku mweupe sokoni, akamfunga kamba mlangoni pa mgahawa, mwezi mzima anakata tambi huku anamtazama. Siku ya kutuonyesha akatembea anayumba, tumbo mbele, kama anasinzia. Tulicheka mpaka Hao Jiuling, mkubwa wa wanafunzi, akakaa chini.

"Huyo kuku wako wa kisasa?" Mzee akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Wa banda."

"Huyo tangu atotolewe analetewa chakula mdomoni! Umejifunza kunenepa. Katafute wa kienyeji. Zimebaki siku kumi."

Mama mkwe wake ana jogoo kijijini, mkali balaa. Yinsuo akahamia huko. Siku ya kwanza tu akadonolewa kifundo cha mguu mpaka damu.

"We mkwe!" mama akapiga kelele dirishani. "Binti yangu nimempa mwanaume anayekimbizwa na jogoo?"

"Nasoma, mama!"

"Basi soma haraka, kuku wangu wameacha kutaga!"

Siku ya tano ndiyo akaona. Jogoo anaukunja mguu mmoja tumboni, anatulia kabisa juu ya ule mwingine, halafu anaushusha palepale uliposimama wewe.

Sikukuu ya Mwezi, Mzee akamwambia Hao amsukume. Yinsuo akasimamishwa kwenye mstari wa chokaa: akitoka hapo, imekula kwake. Hao akaja mzimamzima. Yinsuo akakunja mguu, akatulia, kilo zote zile juu ya unyayo mmoja, kisha akaushusha katikati ya miguu ya Hao. Hao akarudi kinyumenyume hatua nne, akakalia kapu la keki za sikukuu.

Yinsuo akapiga magoti, akamnyooshea Mzee kikombe cha chai. Mzee akapokea kikombe, akanywa yote.

"Mlango nimefunga," akasema. "Hao, inuka, keki zangu hizo!"