Chombo cha Neema Hakitoki

Leo nimemwambia mama mkwe HAPANA. 🙈

Kile chombo cha anga cha plastiki cha kuunganisha, nilichokipata mitumbani Tengeru, leo mimi na binti yangu Neema tulikuwa tunakipaka. Rangi ya kucha jamani, ndiyo tuliyonayo!

Bibi yake akaingia.
"Mama Neema, kizuri! Nifungie nimpelekee Brayani wa wifi yako. Haya ni mambo ya wavulana."

Na huku kwetu mama mkwe akisifia kitu, wewe unafunga tu.

Neema akaanza kupuliza bawa likauke, bibi aondoke nacho. Hanung'uniki hata.

Hapo ndipo niliposhindwa.
"Mama, nakuheshimu sana. Hiki hakitoki. Brayani aje, Neema atamfundisha kuunganisha."

Kanuna, kaaga.

Tunapaka bawa la pili.

Nyie mngefunga?