Fomu Inayomzuia Akidor Kwenda Kulichunguza Jua

Saa tatu asubuhi mjini Lodwar, Akidor Lomuria ameligeuzia jua mgongo. Darubini yake ndogo imeelekezwa juu, na taswira ya jua inaangukia kwenye karatasi nyeupe, duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Kwa penseli anazungushia doa jeusi la jua, kisha jingine.

"Thelathini na nane," anasema. "Ngoja. Thelathini na tisa." Anahesabu mara ya tatu. Siku nyingine humtosha mara moja.

Ana sababu. Kituo kimoja cha kuchunguza jua huko ng'ambo kimempa nafasi ya utafiti kuanzia Oktoba hii ya 1979. Mwalimu wa sayansi, miaka 24, mshahara shilingi 900 kwa mwezi, atakuwa mtafiti. Imebaki fomu moja ya kusafiria. Isipofika Nairobi kabla ya Ijumaa, nafasi inapewa mwingine.

Na fomu inauliza: mzazi ana watoto wangapi? Mifugo mingapi? Chini, alama ya kidole gumba cha baba.

Nani aliiandika hiyo? Mtu mwenye shamba lenye ua na hati, asiyewahi kukanyaga huku. Mzee wa Kiturkana anamjua kila mtoto kwa jina na kila ngamia kwa rangi, lakini hataji idadi. Kuitaja ni kualika msiba.

Akidor alianza safari hii mwaka 1973, jua lilipopatwa. Wataalamu wa kigeni walikuja ziwani na masanduku yao. Wanafunzi, yeye akiwemo, wakapewa kazi ya kuchota maji.

"Nilimuuliza mmoja, ule mwanga mweupe uliozunguka jua ni nini? Akasema, lete maji."

Waliondoka na picha zote. Hata moja haikurudi. Jibu alilitafuta mwenyewe, hadi digrii ya fizikia Nairobi, darasani msichana peke yake.

Jumapili iliyopita alipanda lori hadi Kakuma, akatembea saa tano kufika kwa baba yake, Mzee Lomuria.

"Ejok, baba," akamsalimu. "Wanataka idadi yetu. Watoto, na ngamia."

"Umelihesabu jua halijakutosha?" mzee akacheka. "Sasa umekuja kwa watoto wangu?"

"Ni karatasi tu, baba."

Kicheko kikaisha. "Hata ya mkoloni ilikuwa karatasi tu. Asubuhi waliandika ngamia wa baba yangu. Jioni wakawachukua."

Nani atamwambia amekosea? Mkoloni alihesabu, akatoza, akaifunga wilaya nzima kama zizi. Uhuru umekuja, maswali ni yaleyale.

Mzee alibonyeza kidole gumba. Nafasi za namba zikabaki tupu.

Leo, Jumanne, Akidor amesimama mbele ya Opondo, karani wa posta anayefunga mfuko wa barua. Lori la Kitale linaunguruma nje.

"Dada yangu, andika nane," Opondo anamnong'oneza. "Nani ataenda kuwahesabu huko porini?"

"Wewe ungeandika?"

"Mimi? Kwetu tuko kumi na mmoja, mzee anatuita kwa filimbi kama timu!"

Akidor anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. "Nikiandika uongo, mimi ni mtafiti gani? Nikiandika kweli, nimemvunjia baba heshima."

"Na wakiirudisha?"

"Jua liko karibu na kilele chake cha madoa sasa. Kilele kingine ni baada ya miaka kumi na moja hivi. Nitakuwa na thelathini na tano, bado naandika barua za kuomba nafasi."

Dereva anapiga honi. Opondo anamsogezea kalamu.

Mbele ya swali la watoto, Akidor anaandika: "Baba yangu hahesabu. Mimi ni mmoja wao." Mbele ya mifugo anapiga mstari. Opondo anasoma, anatikisa kichwa, anaitia fomu mfukoni na kufunga kamba.

Akikubaliwa, anasema, atajifunza miaka mitatu kisha arudi kujenga kituo hapahapa Lodwar, ambako mawingu ni haba. Ijumaa, simu ya Nairobi itapigwa kwa Opondo. Amemwomba asimfiche jibu, hata likiwa baya.