Kiti cha Baiskeli cha Bwana Mifugo

Enzi zetu hakuna kitu kilichozaliwa kizee. Kilizeeshwa na mwenyewe, kwa viganja vyake, kwa makalio yake na kwa jasho lake, na ukikiona kimeachwa njiani ulijua ni cha nani. Juzi niliingia duka moja hapa Al Rigga, Dubai, nikimsubiri madam, bosi wangu, amalize shughuli zake jirani. Nikakuta begi la ngozi, jipya kabisa, limekwanguliwa msasa kwenye pembe na kupakwa weusi kwenye mikunjo ambayo hakuna mkono uliowahi kuikunja. Muuzaji akanieleza kwa fahari kwamba ni ghali kuliko mengine kwa sababu limeshazeeka. Limezeekea wapi? Kiwandani. Mtu ananunua uzee ambao hakuuishi, kisha anaufungia kabatini usije ukachafuka.

Na hao ndio wenye nafuu, maana angalau wamenunua ngozi. Sharon, binti wa Kitale anayelea watoto katika nyumba ya Mirdif ninakoendesha gari, alinunua mkoba mwekundu akauita wa ngozi. Nikamwambia ngozi hainuki kama ndoo mpya. "Mzee, wacha wivu," akanijibu, "hii ni orijino." Joto la Julai moja tu likautosha. Mkoba ukaanza kubambuka, vipande vyekundu vikimganda begani, na sasa akiubeba anaugeuza ili upande uliobambuka usionekane. Sikumcheka sana. Nilimcheka kiasi.

Ninyi wa rika langu mtanielewa nikiwasimulia kuhusu kiti cha baiskeli cha baba.

Baba alikuwa bwana mifugo kwetu, upande wa Shinyanga. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akichanja ng'ombe, akisimamia josho, na kuwagombeza watu waliochuna ngozi kwa pupa mpaka wakaitoboa. Katika ujana wake fahali alimvunja mguu wa kushoto, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Akitembea alichechemea, na sisi watoto tulizijua hatua zake zikiwa bado mbali. Lakini akishapanda baiskeli, humtofautishi na mtu yeyote. Alipita kama bwana harusi, kofia imenyooka, na watu wakamwita toka mashambani kumweleza habari za ng'ombe wao.

Kile kiti kilikuwa cha ngozi nene iliyokazwa juu ya springi. Nilipoanza kupata akili kilikuwa na rangi ya andazi. Nilipofika darasa la nne kilikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Nilipomaliza la saba kiling'aa kama zile mbegu za ukwaju tulizochezea bao, wekundu umezama ndani ya weusi, ukikiinamia unayaona meno yako. Hakuna aliyekipaka rangi. Lilikuwa jua, vumbi la barabara, suruali ya kaki ya baba, na mafuta ya kondoo.

Hayo mafuta yalikuwa kazi yetu ya Jumamosi. Tulikaa kibarazani, mimi na dada yangu, tukitafuna michembe, ile ya viazi vikavu ambayo watoto wa leo ingewang'oa meno. Mmoja aliyeyusha mafuta ya mkia kwenye kikopo, mwingine akasugua kwa kipande cha kaniki, taratibu, mpaka ngozi ikayanywa. Baba alitusimamia kwa makini kama vile tunachanja ng'ombe wa serikali. "Ngozi bado ni mnyama," alituambia. "Usipoilisha, inakufa mara ya pili." Mama, ambaye mafuta yale aliyataka kwenye mboga, naye alikuwa na lake: "Mwaka huu kiti kimenenepa, watoto wamekonda."

Kukikalia kulikuwa mwiko. Tulijifunza baiskeli kama mlivyojifunza ninyi nyote, mguu umepenyezwa chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama ndoano, magoti yamechubuka. Siku moja baba amelala, nikakipanda kwa siri. Kikanimwaga kushoto. Nikapanda tena, kikanimwaga kushoto tena. Dada yangu akacheka mpaka akaamsha nyumba nzima. Baba hakunichapa. Alisema tu, "Hicho kinanijua mimi." Nikadhani ni majivuno ya wazee, sikuuliza zaidi.

Nikasoma hadi kidato cha nne, nikashika udereva, mwishowe nikapata njia ya kuja huku. Baada ya miaka mitatu nikapewa likizo ya kwanza. Mnajua mtu wa Dubai anavyorudi nyumbani mara ya kwanza. Nilivaa miwani ya jua hadi ndani ya nyumba. Nilileta mablanketi ya maua, birika la umeme kwa watu wasio na umeme, na kiti cha baiskeli cha sponji, kimevikwa plastiki nyeusi yenye mistari ya fedha. Nilipokiona kile kikuukuu cha baba niliona aibu. Watu waseme mwanawe yuko Uarabuni na mzee bado anakalia gome la mti?

Jumapili baba alipokwenda kanisani nikachukua spana. Cha ngozi nikakitupa nyuma ya zizi.

Aliporudi alikizunguka kile kipya mara mbili. "Umenikumbuka, mwanangu," akasema. "Ahsante." Asubuhi yake akaitwa kumtazama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, vijiji viwili mbele. Akapanda, akakanyaga kwa mguu wa kulia, na wa kushoto ukabaki unaning'inia hewani. Pedali ilikuwa imeshuka, mguu hauifikii. Nikateremsha kiti hadi mwisho. Wa kushoto ukafika, lakini sasa goti la kulia likawa linampiga kifuani. Ndipo nilipoelewa, mtu mzima mwenye mke na watoto. Miaka yote ile ngozi ilikuwa ikishuka upande wa kushoto kidogo kidogo, ikiupa mguu mfupi ule urefu ulioukosa.

Nikakimbilia nyuma ya zizi. Ngozi iliyolishwa mafuta ya kondoo tangu utoto wangu, mlidhani ingelala salama? Mbwa wa jirani walikuwa wameitafuna yote. Zilibaki springi na misumari.

Nilirudi nazo mkononi. Baba akazitazama, akasema, "Ya mnyama imerudi kwa wanyama." Kisha akachukua fimbo, akaenda kwa miguu. Alifika ndama ameshakufa, na ng'ombe naye hakuishi. Baada ya hapo vijiji vya mbali vikaacha kumwita. Walipata mtu mwenye pikipiki. Baba akabaki na josho la karibu, kisha akabaki na kibaraza. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenitukana.

Siku hizi gari ninaloendesha lina viti vya ngozi, na kila kiti kina kitufe. Anayekaa anabonyeza, kiti kinapanda, kinashuka, kinamtii yeyote, hata mwizi. Kabla hakijamjua mtu, khalas, gari linauzwa, linakuja jingine. Vijana wanayaita hayo maendeleo. Mimi nawadharau kama mtu anavyomdharau ndugu yake wa damu, kwa kuwa ujinga huo naujua ulikotoka. Mkoba wa Sharon umeharibu bega lake tu.

Nilipokwenda kumzika baba, niliikuta baiskeli imetundikwa ukutani, na kile cha sponji kikiwa juu yake. Plastiki ilikuwa imepasuka kwenye mshono. Lakini hakikuwa na bonde, wala mng'ao, wala alama yoyote ya kukaliwa. Wafiwa wenzangu wakanituma dukani nilete sukari ya chai ya msiba. Nikaishusha baiskeli, nikajaza upepo, nikapanda. Miguu yangu yote miwili ilifika kwenye pedali vizuri kabisa.