Mume wa Kukinga Upepo

Kabla mafundi wa nguzo za umeme hawajafungua macho kambini, mpishi wao, Mama Robo, ameshawasha jiko lake dogo la gesi, lile la kubeba mkononi. Juu yake kuna kikaango cha chuma, kizito ajabu. Hatii kitu ndani. Anangoja.

"Chuma hiki hakitaki papara," anasema. "Ukikoleza moto, katikati panaungua, pembeni yai bado linakutazama bichi."

Kikipata joto anavunja mayai, anakizungusha kikaango robo mzunguko, anatulia, anakizungusha tena. Jina lake limetokana na hapo. Lile alilopewa na wazazi, kambini hakuna anayelijua.

Adui yake ni upepo. Unaulaza moto upande mmoja, chakula kinaiva nusu. Ndiyo maana unakotokea upepo ameketi mumewe, kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani.

"Geuza, mke wangu," anasema mzee.

Naye alikuwa fundi wa nguzo hadi kiharusi kilipomlaza. Mkono wa kulia ukagoma. Akawa anashinda kitandani, uso ukutani.

"Aliniambia amekuwa mzigo. Iliniuma, jamani, iliniuma sana," anasema Mama Robo. Basi akamdanganya kwamba hawezi kupika bila mtu wa kukinga upepo.

Kipande cha bati kingetosha. Kambi nzima inajua, na mabati yamejaa stoo.

Mwezi ujao kambi inahamia milimani, na gari lina nafasi ya mpishi peke yake. Mshahara wake ndio unaowalisha wote wawili. Hata hivyo amemwambia msimamizi bila kupepesa macho: waende wawili, au atafutwe mpishi mwingine. Hajajibiwa.

Mama Robo anapokwenda kuwaamsha mafundi, mzee anashusha sauti.

"Bati nililiona siku ya kwanza," anasema, akitabasamu. "Lakini mtu anakubebea kiti kila asubuhi, utamwambia nini? Nami napenda kukaa naye."

Msimamizi anafika wa kwanza. Anapokea sahani yake, anakula amesimama. Mayai yameiva sawasawa, kati na pembeni.

"Bosi, nasikia huko milimani upepo ni mkali kuliko hapa," anasema Mama Robo, bila kumtazama.

Msimamizi anatafuna taratibu. Anamwangalia mzee kwenye kiti chake.

"Mkali sana, mama. Mzee atahitaji koti zito."

"Koti ninalo," mzee anadakia, kabla mkewe hajafungua mdomo.